Neno Alilolisahau Mama Nafula

Siku mliyoniaga kwa keki na soda pale karakana, mmoja wenu aliniuliza kwa nini miaka yote nimekuwa nikikata disketi mbovu kwa mkasi kabla ya kuzitupa. Wengine mkacheka. Sikumjibu kwa sababu meneja alikuwa amesimama karibu na meza ya soda, na mimi sina desturi ya kujibu maswali meneja akiwa karibu. Sasa nimestaafu, niko kwangu mtaa wa Fedha, mlango nimeutia komeo, na hakuna anayenisikiliza isipokuwa redio. Basi nitajibu, na jibu lenyewe ni refu kidogo. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha, maana hizo mtazijua wenyewe na hazitawafundisha kitu.

Sikuanzia kwenye kompyuta. Nilianzia kwenye mashine za taipu, katika duka moja la mjini lililouza na kutengeneza vifaa vya ofisi. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa fundi mkuu, Mzee Kassim, mzaliwa wa Majengo kule Pumwani, mtu mfupi mwenye miwani iliyoungwa kwa uzi, ambaye alikuja mjini kwa miguu kila asubuhi na kurudi kwa miguu kila jioni. Nilitarajia kupewa bisibisi. Alinipa mkasi.

Mezani palikuwa na mashine ya umeme ya ofisi fulani. Mzee Kassim akautoa utepe wake, ule wa plastiki unaotumika mara moja tu, akauvuta mpaka dirishani penye mwanga.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma. Kila herufi iliyopigwa ilikuwa imeacha alama yake kwenye utepe, moja baada ya nyingine, wazi kabisa. Ilikuwa barua ya kumfuta mtu kazi. Jina lake lilikuwamo, na sababu, na siku ya kuondoka ambayo ilikuwa bado haijafika.

"Bwana huyo hajui bado," Mzee Kassim akasema. "Mkewe hajui. Wewe uliyekuja leo ushajua. Wajionaje?"

"Najiona vibaya, Mzee."

"Vyema. Kata."

Nikaukata wote vipande vidogo vidogo, tukavitia kwenye jiko la chai nyuma ya duka, na moshi wake ukatutoa machozi. Toka siku hiyo hakuna utepe uliopita mikononi mwetu ukatoka mzima. Wenye duka walituona wendawazimu, lakini mashine zilikuwa zinapona, kwa hiyo walituacha.

Mzee Kassim alimshuku kila mtu bila ubaguzi wa kabila wala dini. Alinifundisha kumpima mteja kwa hasira zake. Mteja wa kweli, alisema, hukasirika: kazi yake imelala, mashine yake imekufa, yuko karibu kukupiga kofi. Lakini mtu akija akakaa kwenye benchi, akangoja kwa upole, akakuuliza hali ya watoto na kisha hali ya wateja wengine, huyo mchunge sana. Nimetumia kipimo hicho maisha yangu yote na kimenikosesha marafiki kadhaa, wengine pengine walikuwa watu wazuri tu.

Kompyuta zilipoanza kuingia madukani, Mzee Kassim alisema macho yake hayawezi kutazama televisheni kutwa nzima na kuita hiyo kazi. Akarudi Majengo kupumzika. Bisibisi zake zote aliondoka nazo, mkasi akaniachia.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tukaletewa programu moja kutoka ng'ambo, ndani ya sanduku la buluu lenye kitabu kinene kuliko biblia ya shangazi yangu. Kazi yake ilikuwa kufunga faili. Ukiandika barua au orodha yako kwenye kompyuta, programu iliigeuza kuwa vurugu tupu ya herufi, na asiye na neno lako la siri hakuweza kuisoma kamwe. Tuliiweka rafuni pembeni ya programu za michezo ya karata, tukaiuza hadharani. Mawakili walinunua, madaktari walinunua, na mfanyabiashara mmoja wa mitumba ambaye sikujua anaficha nini, wala sikutaka kujua. Mimi ndiye niliyekwenda kwa wateja kuitia kwenye mashine zao.

Ndivyo nilivyofika mtaa wa Ziwani. Kikundi cha wapangaji kilikuwa kimepewa kompyuta na kanisa moja la nje, pamoja na sanduku la buluu, nami nikatumwa kwenda kuviunganisha katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa. Mnaoijua Ziwani ya wakati huo mnazikumbuka zile nyumba kuukuu za kupangisha, na katikati yake kiwanja. Hapo ndipo nguo zilipoanikwa, mpira ulipochezwa, na hema za harusi na za matanga ziliposimamishwa. Katika ofisi moja ya umma ambayo siitaji, kuna watu walikuwa wamekikata kiwanja hicho vipande juu ya karatasi na kujigawia.

Lakini kila walipotaka kuja kupima, walikuta akina mama wameshafika. Wamekaa katikati ya kiwanja na majiko na sufuria, wanapika githeri ya mahindi na maharagwe, wanacheka, watoto wamelala kwenye mikeka. Mpima ardhi gani atapiga bikoni, vile vigingi vya mipaka, katikati ya githeri? Siri yao ilikuwa moja. Mtu fulani ndani ya ofisi ile aliwaletea habari kabla ya siku, kwa karatasi zilizokunjwa na kusukumwa chini ya mlango wa ukumbi, bila jina. Wanyakuzi walijua kuna panapovuja, ila hawakujua ni wapi. Mtu huyo akijulikana, kazi ilikuwa imekwisha, nyumba imekwisha, na miaka ile mtu akiitwa kutoa maelezo, watu wake walikaa macho wasijue atarudi lini, au kama atarudi.

Kesi ilikuwa inakwenda kortini. Wakili akawaambia karatasi zisizo na jina hazimsaidii. Anataka kujua atamwita nani awe shahidi. Wakaacha ujumbe chini ya mlango ule ule, na asubuhi moja jibu likaja: maelezo kamili, namba za vipande, na safari hii jina. Aliyeliona alikuwa mtu mmoja tu, katibu wa kikundi, kwa kuwa ndiye aliyefungua ukumbi asubuhi na ndiye aliyejua taipu. Aliyaweka maelezo hayo kwenye ile kompyuta mpya na kuyafunga, akaichoma karatasi, na kuwaambia wenzake kwamba jina hatalitamka mpaka siku ya korti. Wakili mwenyewe akasema amefanya vizuri. Hayo yote niliyajua baadaye. Siku ya kwanza nilijua tu kwamba wanawake watatu wanataka kufunga kitu, na wanataka kukifunga sana.

Mwenyekiti alikuwa Mama Auma, fundi wa cherehani, mrefu, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Fundi! Tumekungoja tangu Jumatatu! Hii mashini mlituletea ni ya kuangalia tu kama picha?"

Nikampenda papo hapo. Mweka hazina alikuwa Bi Rukia, mtu wa Majengo aliyeolewa Ziwani, aliyeuza mahamri asubuhi na kunilazimisha kula manne kabla sijafungua mkoba wa vifaa. Wa tatu, katibu, ni Mama Nafula. Huyo alikuwa mpole. Alinikaribisha kwa mikono miwili, akakaa pembeni, akangoja bila kuuliza nitamaliza lini. Na kabla sijameza hamri la pili, Bi Rukia alikuwa ameshaninong'oneza kwamba mume wa Mama Nafula ni karani katika ofisi ile ile ya viwanja.

"Lakini yeye mwenyewe twamwamini," akaongeza, kwa uso wa mtu anayejaribu kiatu kinachobana.

Mume huyo, Baba Nafula, nilimwona jioni hiyo hiyo. Alipita kando ya kiwanja na tai na mwavuli, macho mbele, hata salamu hakutoa. Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta akapiga kelele, "Si huyo buda ni wa hao watu wa ploti!" Wenzake wakamzomea mzee wa watu. Ilijulikana mtaa mzima kwamba aligombana na mkewe juu ya kikundi, na kwamba aliwaita kina mama wapika githeri wasio na kazi. Nikaandika kichwani: mke mpole, mume adui.

Nikawaambia sasa wachague neno la siri.

"Neno la nani?" akauliza Mama Auma.

"La kikundi, mama. Neno moja ambalo nyote mtalijua."

"Kikundi hakina mdomo, fundi. Mdomo ni wa mtu. Na mtu akishikwa masikio vizuri atasema."

Akaniongoza hadi kabatini na kunionyesha sanduku la chama chao. Lilikuwa na kufuli tatu. Kila mmoja wao alikuwa na ufunguo mmoja, na halikufunguka ila wote watatu wakiwapo. Ndivyo walivyotunza michango yao kwa miaka, na hawakuona kwa nini kompyuta iwe na akili kidogo kuliko sanduku la mbao. Nikawaeleza kwamba programu inataka neno moja tu.

"Basi liwe moja," Bi Rukia akasema. "Kila mtu aandike kipande chake."

Nilicheka. Hawakucheka. Mama Auma akakaa, akaandika kipande chake, na sisi tukatazama ukuta. Bi Rukia akaifunika kibodi kwa leso kana kwamba anamwogesha mtoto, akabonyeza kwa kidole kimoja huku akijisemea chini kwa chini. Mama Nafula akamalizia, haraka, vidole vya mtu aliyesomea uhazili. Hakuna aliyejua cha mwenzake. Toka hapo kila Alhamisi, wakifungua hesabu za kikundi, walifanya hivyo hivyo, wawili wakitazama ukuta na mmoja akiandika. Nimefunga mashine za watu waliosoma vyuo vikuu, na sijaona funguo zilizotunzwa vizuri zaidi.

Nilipokuwa nafunga mkoba, Mama Nafula akanifuata mlangoni.

"Fundi, hii ikifungwa, hata nyinyi mliouza hamwezi kufungua?"

"Hatuwezi."

"Hata waliotengeneza?"

"Wanasema hawawezi."

"Wanasema," akarudia, akarudi ndani.

Swali hilo lilinikaa. Katika kazi yetu anayeuliza hivyo ni mmoja wa watu wawili: mwenye kitu kikubwa cha kuficha, au aliyetumwa kuuliza. Mama Nafula alikuwa mpole, alingoja bila hasira, na mumewe alikula chakula cha ofisi ile. Kwa kipimo cha Mzee Kassim sikuhitaji kufikiri mara mbili.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kimya, mpaka asubuhi niliyoingia dukani na kukuta rafu ni tupu. Masanduku ya buluu yote yalikuwa yametolewa. Meneja akanionyesha faksi kutoka kwa watengenezaji, mistari michache tu: bidhaa imesimamishwa kwa wateja wa nje, mawakala wakusanye disketi na vitabu vyote, vilivyouzwa na visivyouzwa, na kuvirudisha. Sababu haikutajwa. Mmoja wetu alisema serikali ya kwao imeamua kwamba kufuli za namna hiyo ni silaha, haziruhusiwi kuvuka mpaka. Silaha! Nikakumbuka kidole kimoja cha Bi Rukia chini ya leso.

Tulikuwa pia na namba ya simu ya mtu mmoja mjini, mwalimu, aliyeiacha kompyuta yake wazi ili wenye modemu wapige na kuchukua programu za bure, zikiwamo za kufunga faili. Nikapiga namba hiyo siku ile ile. Ikalia tu. Nikapiga siku zilizofuata, ikalia tu, mpaka mwishowe sauti ya mwanamke wa simu ikasema namba hiyo haitumiki. Sikuwahi kumpata aliyenieleza mwalimu yule aliacha kwa nini. Mtu huacha mambo kwa sababu nyingi, lakini si wote katika mwezi mmoja.

Jambo jingine lilinikera zaidi. Ofisini kwa meneja alikuwapo mgeni, bwana wa suti ya kijivu. Hakuwa ameleta mashine yoyote. Alikunywa chai yetu, akangoja kwa upole, akaniuliza hali ya watoto.

"Fundi," meneja akasema, "utaenda kwa wateja wote. Ukifika, faili zao zifunguliwe, uzinakili kwenye disketi, uzilete hapa kwa usalama. Ndio sasa utoe programu."

"Usalama wa nini, bosi?"

"Hiyo ni oda. Usiniulize maswali mob."

Bwana wa kijivu akatabasamu. Nikaenda kuchukua mkoba wangu.

Wateja wengine hawakunipa taabu. Mawakili walijua la kufanya na vitu vyao, na mfanyabiashara wa mitumba alinifungia mlango. Ziwani niliiacha ya mwisho. Nikawakalisha wote watatu na kuwaambia kila kitu kama nilivyoagizwa, neno kwa neno, hata habari za mgeni.

"Kwa usalama wa nani?" Bi Rukia akauliza. "Humo ndani mna mtu, fundi. Mtu mzima mwenye watoto."

Mama Auma akapiga meza. Kesi ilikuwa inakaribia. Bila jina wakili hana shahidi, na bila shahidi kiwanja kimekwenda. Tufungue, akasema, tuchape kopi moja, tuifute kwenye mashini, na fundi aende na disketi tupu akawaambie hao watu wa suti hakukuwa na kitu.

Hapo nililazimika kuwaeleza jambo ambalo nanyi vijana huwa mnalisahau. Faili ikisomwa ndani ya ile programu, haiachi nakala. Lakini ukiitoa nje ya programu ikiwa wazi, inaandikwa kwenye diski, na ukiifuta unafuta anwani tu. Maneno yenyewe yanabaki mpaka yafunikwe na mengine. Nikawapa mfano wa utepe wa taipu. Na nilikuwa nimesikia kwamba mashine yenyewe itachukuliwa kwa ukaguzi.

"Ikitolewa wazi mara moja tu," Mama Nafula akauliza, "inabaki?"

"Inabaki, mama."

"Hata wewe ukijaribu kuisafisha?"

"Nikiachiwa muda mrefu labda. Leo, inabaki."

Akaitikia kwa kichwa. Mama Auma akasema Mungu atasaidia, kiwanja kwanza, akakaa na kuandika kipande chake. Bi Rukia akafuata na leso yake, akisita. Kisha Mama Nafula akakaa. Tukatazama ukuta. Mashine ikalia ile sauti yake ya kukataa. Wakarudia wote watatu toka mwanzo. Ikakataa. Wakarudia tena.

"Nimesahau," Mama Nafula akasema.

"Umesahau nini?"

"Neno langu. Nimelisahau."

"Alhamisi iliyopita uliliandika!" Mama Auma alikuwa amesimama. "Uliandika kama unakimbizwa! Leo ndio umesahau? Leo?"

"Leo."

"Haya. Basi tuambie jina kwa mdomo. Nitaliweka kwa kichwa yangu, sitaandika popote. Sema."

Mama Nafula alikunja mikono mapajani. Alinitazama mimi kwanza, kisha mwenzake.

"Hilo pia nimelisahau, Mama Auma."

Bi Rukia alianza kulia kwa sauti ndogo. Mama Auma hakulia. Alinyoosha mkono, kiganja juu, akangoja. Mama Nafula akafungua pochi yake na kumwekea ufunguo wa kufuli yake ya sanduku. Akatoka bila kuaga. Nilikuwa nimetoa hukumu kabla ya mwenyekiti. Nilijiambia mama huyu amenunuliwa, na tai na mwavuli ndivyo vilivyomnunua, na nilimchukia kweli kweli. Nikaiondoa programu nikiwa na hasira, nikaziacha zile faili pale pale zikiwa zimefungwa, nikarudi dukani na disketi tupu.

Siku chache baadaye mashine ya Ziwani ililetwa dukani na wanaume wawili nisiowajua. Bwana wa kijivu akaniomba, kwa upole, nifungue faili zilizomo.

"Programu ya kufungulia iko wapi?" nikauliza.

"Si unayo wewe?"

"Mliniagiza niitoe. Na disketi zote bosi ameshazituma ng'ambo. Hakuna hata moja iliyobaki nchini, ninavyojua."

Alimtazama meneja. Meneja alitazama rafu tupu. Walikuwa wamekusanya funguo zote wakazisafirisha, kisha wakaletewa sanduku. Bwana yule alikasirika mara ya kwanza tangu nimjue, akabamiza mlango hata kioo kikapasuka. Nikajiambia kumbe naye ni mteja wa kweli.

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, ikafia njiani kwa kukosa shahidi. Lakini kiwanja hakikupimwa. Nilipita Ziwani mara kwa mara kwa kazi nyingine, na Mama Auma alinieleza kwa uchungu yanayoendelea. Karatasi chini ya mlango zilikuwa zimekoma. Badala yake yule msaliti, ndivyo alivyomwita Mama Nafula, alikuwa na kiburi cha ajabu. Asubuhi fulani, bila kuambiwa na mtu, alitoka peke yake na jiko lake, akakaa katikati ya kiwanja na kukaanga mandazi. Katikati kabisa!

"Anatuonyesha ni chake," Mama Auma akasema. "Ameshapewa kipande. Lakini hawezi kukaa hapo peke yake, haki ya Mungu. Akitoka, tunatoka wote. Tunamzunguka na masufuria yetu mpaka achoke."

"Na wapimaji?"

"Hao walikuja siku hiyo hiyo, wakakuta tumejaa. Wakarudi."

Siku hiyo hiyo! Nililisikia neno hilo na nikalipita. Mimi, niliyefundishwa kushuku kila kitu, nilishuku kila kitu isipokuwa mandazi. Mambo yakaendelea hivyo kwa miaka. Mama Nafula akitoka na jiko, mtaa mzima unatoka kumlinda asinyakue, na kila mara wenye kamba na bikoni wanafika na kukuta hakuna pa kukanyaga. Mwishowe walichoka, wakahamia kwenye viwanja vya watu wanaoaminiana.

Mwaka jana, nikiwa nakaribia kustaafu, Bi Rukia alinipigia simu. Baba Nafula amefariki. Alikuwa amestaafu salama zamani, na pensheni yake, na nyumba yake. Nikaenda kwenye matanga. Hema lilikuwa limesimamishwa pale pale kiwanjani. Watu hawakuwa wengi, na Mama Auma, mzee sasa, mkongojo mkononi, alikuwa amekaa viti vya nyuma kabisa, amekuja kwa ajili ya desturi tu.

Mama Nafula aliposimama kusema, alisema kwa ile sauti yake ya upole.

"Mume wangu mlimzomea hapa miaka mingi. Alinikataza nisiseme kitu akiwa hai. Kesho tunamzika, kwa hiyo nasema. Karatasi za chini ya mlango zilikuwa zake, na jina lile lilikuwa lake. Aliandika usiku, mimi nikaziingiza asubuhi nikifungua ukumbi. Baadaye karatasi ziliposhukiwa, alikuwa ananiambia tu wakati wa chai, leo wanakuja. Nikitoka na jiko, nilijua hamtaniacha peke yangu."

Kisha nikausikia mkongojo. Mama Auma alikuwa amesimama, anakuja mbele polepole, na uso wake sitausahau. Alipofika akaingiza mkono kifuani mwa gauni, akatoa kitambaa kilichopigwa fundo, akalifungua. Ufunguo wa kufuli ya tatu ulikuwamo. Akaushika mkono wa Mama Nafula na kuuweka ndani yake, na wote wawili wakalia kwa sauti, na mimi nikalia, mzee mzima, mbele ya watu.

Jioni nilimkuta amekaa peke yake kando ya hema. Nikampa pole. Nikamwambia mimi ndiye fundi wa ile kompyuta.

"Nakukumbuka," akasema.

"Mama, mashine ile ilishakuwa chuma chakavu. Programu yenyewe haipo tena duniani. Niambie tu, lile neno lako lilikuwa gani?"

"Nililisahau, fundi. Si ulikuwapo?" Akajifunga kanga yake vizuri begani. "Na wewe bado unafanyia wale watu kazi?"

"Nastaafu mwezi ujao."

"Ndivyo wanavyosema," akajibu, akanisogezea sahani ya mandazi.